Kopo la Maji la Kumwingiza Bibi Mbinguni

Ubani uliofukizwa kanisani kwetu Bagamoyo na ule aliofukiza bibi yangu kila Alhamisi jioni ulikuwa na harufu moja. Nikiwa na miaka minane, katika miaka ya arobaini, niliamini kwa hiyo kwamba sote tunakwenda mbingu moja. Kisha nikaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Katekista, mzee mpole mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, alitufundisha kwamba mbinguni ni kumwona Mungu uso kwa uso, na kwamba mlango wa kuingilia ni ubatizo. Bibi, mama mzaa mama, alikuwa Mwislamu wa Mlingotini. Mama yangu ndiye aliyebatizwa alipoolewa na baba. Mwezi ule Bibi alikuwa ameletwa kwetu na kikohozi kilichomkondesha, na nilisikia watu wazima wakinong'ona kwamba hataiona Ramadhani. Nikawaza: sisi sote tutakuwa ndani, yeye peke yake nje.

Katekista alikuwa ametufundisha pia kwamba mtu akiwa mahututi na padre yuko mbali, yeyote aweza kumbatiza. Maji kichwani na maneno yake, basi. Nami ndiye niliyemtilia Bibi maji ya udhu kila alasiri. Siku hiyo alikaa kwenye kigoda uani, akaosha uso na mikono, akavua ushungi ili apake maji kichwani. Nikainua kopo na kummiminia lote utosini, nikisema mbio mbio: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu!"

"Ala! Mke mwenzangu, waniua!" Bibi aliruka, maji yakimchuruzika shingoni. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nikaangua kilio, nikamweleza yote. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Na huko mlangoni yupo nani?"

"Mtakatifu Petro. Ana funguo."

"Basi mwambie una bibi yako. Nikifika nitapiga hodi." Kisha akakaza uso. "Lakini mtu haogeshwi bila kuulizwa. Haya, lete maji mengine, naanza udhu upya."

Kesho yake nilimwendea katekista. "Mwalimu, nimembatiza bibi yangu."

"Alikuomba?"

"Hapana."

"Basi umemlowesha tu." Akaweka chaki chini. "Mungu aliyemuumba hashindwi kumfikia mpaka wewe upeleke kopo. Mwombee bibi yako, na umwache mikononi mwake."

Bibi aliiona Ramadhani, na nyingine mbili baadaye. Sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye siku ile, na ubani wa kanisani bado unanirudisha uani kwetu. Kwa miaka mingi nilijiona nimekaa ndani ya mlango ule wa mbinguni, nimetega sikio nisikie hodi yake. Siku hizi nashuku kwamba mimi ndiye nitakayepiga hodi, na sauti ya ndani nitaitambua mara moja: "Karibu, mke mwenzangu. Kopo liache hapo nje."