Soksi ya Alhamisi Kuu

Mume wangu Anastase hakuwa mlevi, wala mimi sikumwacha aoze nyumbani. Hayo yanasemwa hapa mtaani Katoyi na watu waliokula mezani kwetu. Nitaeleza mara moja.

Alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka binti yetu Charline alipoolewa. Polepole nyayo zake zikafa ganzi; alitembea juu ya mawe ya volkano kama anayekanyaga godoro. Kisha akaanza kupoteza majina na siku. Daktari alituambia kwamba sukari ile ile iliyoharibu mishipa ya fahamu ya miguu ilikuwa inakula na kumbukumbu. Akampa daftari: kila jioni akague nyayo, kisha atie alama.

"Acha nikuangalilie mimi," nilimwambia.

"Mama Charline, unaniona mutoto? Mi mwenyewe nitaangalia."

Sikubishana. Mtu aliyesahihisha madaftari ya nusu ya mtaa huu, mimi nikague lake?

Alhamisi Kuu alikuwa mmoja wa wazee kumi na wawili wa kuoshwa miguu kanisani. Nilimpigia pasi soksi nyeupe. Alizivaa mwenyewe, mlango umefungwa. Padri alipomvua kiatu cha kushoto, soksi ilikuwa nyekundu. Kijiwe cheusi, kama punje ya haragwe, kilidondoka kutoka kiatuni hadi ndani ya beseni. Harufu ilifika benchi la tatu, nilipokaa.

"Padri, kuko nini?" Anastase aliuliza, akitabasamu. "Osha tu."

Nyuma yangu mwanamke akanong'ona: "Ni pombe hiyo. Na bibi yake, ona kitenge alichojipamba nacho!"

Nyumbani nilifungua daftari. Alama zilikuwa nzuri, zimenyooka, hakuna siku iliyorukwa. Zilifika mwisho wa Juni. Tulikuwa Aprili.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Kila asubuhi alidai kiatu cha kushoto. Kila asubuhi nilimweleza, naye akaisikia habari ile kwa mara ya kwanza, akalia. Baada ya wiki sita niliacha kumweleza. Nilimpa kiatu. Alikipakata hivyo mpaka Agosti, alipofariki.

Mnauliza kwa nini sikumfunua miguu alipokuwa amelala. Nilikuwa mke wake, si mkaguzi wake. Zaidi ya hapo sisemi.