Kaseti ya Keringet

Milcah alikuwa na miaka arobaini na mmoja na hakujua jina la baba yake. Kila alipouliza, mama alimtuma maji. Kwa hivyo wiki moja kabla ya uchaguzi, Kiplangat, dereva wa lori la viazi, alipomletea kaseti kutoka Keringet, nusura aiangushe kwenye karai la vyombo.

"Mathe wako amesema lile jina umemsumbua nalo limo humo," Kiplangat alisema. "Kwa simu ya jirani hataki, huyo jirani ana masikio kama ya punda. Mimi nilimbonyezea tu nikatoka nje. Na nimevunja kile kiplastiki cha nyuma, mtu asije akarekodi juu."

Redio kaseti katika nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa moja tu, nayo haikuwa ya watu. Ilikuwa ya kompyuta.

Mwenye nyumba, Shabir, alitengeneza saa mjini Nakuru. Jioni alirudi mbio kwa kompyuta yake ya mwaka wa themanini na tatu: kitu cheusi kidogo kama daftari, vibonye vya mpira, kimefungwa kwa waya kwenye televisheni. Wenzake walienda saiba kusoma imeli. Yeye alikaa sebuleni akingoja kaseti ipige kelele dakika nne ndipo kompyuta ikumbuke kitu. Najwa, mkewe, alisema angekuwa na nyaya labda naye angeguswa.

Humo ndani Shabir alikuwa anapanga ukoo wake, vizazi saba hadi Kutch, India. Unaandika jina, kompyuta inakuuliza: BABA? Unajibu, inauliza tena, mnarudi nyuma hivyo hivyo. Shida ni kwamba kumbukumbu yake ilijaa haraka.

"Babu wa babu yangu amekosa kiti!" alilalamika, kama mzee mwenyewe amesimama mlangoni. Akaagiza Uingereza vidude vyenye miguu kama mende, avichomelee ndani ili kumbukumbu iongezeke mara tatu.

"Baba Jalal, naomba redio dakika kumi," Milcah alimwambia Shabir.

"Subiri. Iko kazini."

Kesho yake akaomba tena.

"Ni mahubiri, sivyo? Mahubiri hayaozi, Milcah."

Hakumwambia ni nini. Mtu utamwambiaje mwajiri wako kwamba hujui baba yako, na yeye ana baba saba? Akaiweka kaseti juu ya redio, ili zamu yake isisahaulike.

Mwezi wa kwanza, kwa fujo za uchaguzi, mji ukafungwa. Maduka chini, moshi juu, barabara ya Keringet imejaa mawe. Kwa Shabir ilikuwa likizo. Siku tatu aliinama na chuma cha moto, hata harufu ya mji kuungua hakuisikia kwa harufu ya nyaya zake. Siku ya nne Milcah alirudi kutoka foleni ya unga akamkuta anacheza sebuleni.

"Wamekaa wote! Wote saba!"

"Sasa redio?"

"Kesho. Naipima bado."

Kesho hizo zilifika kumi na mbili. Ndipo Kiplangat akaja kwa miguu, akakataa kuketi. Mama alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Kifua kilimzidi, na gari la kumpeleka hospitali halikupita.

Milcah hakuuliza ruhusa. Aliingia sebuleni, akachomoa waya wa kompyuta kwenye redio, akachukua kaseti yake. Pale Kiplangat alipovunja, mtu alikuwa ameziba kwa karatasi ya peremende.

"Nani ameziba hapa?"

"Ilikuwa haikubali kurekodi," Shabir alisema. "Stima ilikuwa inapepesa, ikipotea na wazee wangu wamepotea. Kaseti yangu ilikatika, na maduka yalikuwa yamefungwa. Nitakununulia tano mpya."

Milcah akabonyeza. Kelele ile. Alisimama akaisikiliza yote, dakika nne nzima, kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha kelele ikakatika, na mama akasema kwa Kikipsigis, karibu kabisa: "…basi ni huyo. Sasa umejua. Usinichukie." Kuku wakalia. Kaseti ikanyamaza.

Akawaeleza maneno hayo, na kwamba jina la baba yake ndilo lililotangulia, na sasa halipo tena. Najwa akaziba mdomo. Shabir akazungusha bisibisi mkononi, kisha uso ukamng'aa.

"Usilie, Milcah. Nafasi imebaki tele. Nitakuanzishia ukoo wako pia." Akaandika MILCAH.

Kompyuta ikauliza: BABA?

Milcah aliinama akachomoa plagi ukutani. Televisheni ikafumba.

"Si neno," Shabir akacheka, "wote wako kwa kaseti…" Cheko likamfia mdomoni. Kaseti ilikuwa kwenye mfuko wa sweta ya Milcah.

"Hayo majina nilipewa na ami yangu kwa simu. Sasa ami amezeeka, hata lake halijui. Sina kwingine."

"Hii ni ya mama yangu."

"Bila mashine ni kelele tu! Itakusaidia nini?"

"Najua ni kelele. Nimeisikiliza."

Alifunga nguo zake kwa leso, akatoka na Kiplangat. Shabir aliwafuata miguu mitupu hadi getini, vidole vikihesabu, akiwataja wazee wake kwa sauti kabla hawajampotea. Alifika wa nne, akakwama.