Rangi Juu ya Kutu

Iko siku moja ya ujana wangu kule Jinja, mwanangu, ambayo ningepewa nafasi ningeirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini, nikipaka rangi tangi la maji la kinu cha pamba. Msimamizi wangu alikuwa Fundi Gurdial, Kalasinga mpole wa maneno machache. Alinifundisha kwamba chuma husuguliwa kwanza hadi king'ae, kikauke, ndipo kipakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake lami.

Asubuhi hiyo nilipata barua kutoka nyumbani Nakaloke, karibu na Mbale: mama anaumwa, ananiulizia. Upande mmoja wa tangi ulikuwa bado na kutu. Niliogopa kuomba ruhusa kabla sijamaliza, basi nikapaka rangi juu ya kutu.

“Umesugua?” Fundi akauliza.

“Ndiyo, bwana.”

Nikaomba siku chache za kwenda kwetu, bila kutaja sababu. Akaniruhusu. Nilipanda treni hadi Mbale, nikafika nyumbani nikamkuta mama ameweza kuketi. Alinipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, akipumzika kila mara. Mpaka leo sijala tena chakula kama kile. Siku ya tatu akaniambia, “Kaa kidogo, baba.” Nikamwahidi nitarudi mwisho wa mwezi, nikarejea kazini Jinja.

Mvua zikanyesha. Mwezi haujaisha, ile rangi ikavimba malengelenge. Fundi akaminya moja kwa kidole gumba. Maji mekundu yakachuruzika. Ndani kutu ilikuwa inaendelea kula chuma.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa nini, nami nikamweleza habari za mama.

“Mimi pia mama yangu iko mbali, ng'ambo ya bahari,” akasema. “Ungesema, mimi ningesugua mwenyewe. Wewe ungekaa na yeye.”

Ilibidi tukwangue upande wote, tuanze upya, na kazi niliyoiharibu sikuthubutu kuomba niiache tena. Siku niliyomwahidi mama ikanikuta juu ya ngazi, brashi ya waya mkononi. Nilipofika Nakaloke, walikuwa wamemzika jana yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Zamani nilidhani methali hiyo ni ya wagonjwa tu. Mwanangu, shida yako usimfiche mkubwa wako. Sema kweli mapema, hata kama sauti inatetemeka. Na mzazi akitaka uketi naye, usimlipe kwa ahadi. Mungu akupe ulimi mkweli, akupe na wa kukusikiliza, akufikishe kwenu wakati bado yupo wa kuitikia hodi yako.