Chumvi Ilipopanda

Solange alitoka Uvira, Kongo, vita vilipolipuka upya, akafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na binti yake Bénie. Baadaye akapata kazi ya nyumbani Lilongwe, kwa Nsabimana, Mrundi mwenye duka la dawa. Bénie akabaki kambini kwa jirani yao Annuarite.

Sebuleni kwa Nsabimana kulikuwa na sanduku la kioo lenye maji ya bahari, matumbawe hai na samaki wawili wa rangi ya machungwa. Mwenyewe alikuwa bado anajifunza. Alikoroga chumvi ya pakiti kutoka Afrika Kusini, akapima, akakosea, akapima tena. Alipokwenda Blantyre alimwachia Solange neno moja: "Maji yakipungua, ongeza."

Joto la Oktoba likayapunguza. Solange akawaza: maji ya bahari yaongezwe nini kama si maji ya chumvi? Akawa anakoroga na kumimina kila asubuhi. Hakujua kwamba joto hubeba maji peke yake, chumvi hubaki palepale.

Siku moja akakuta matumbawe yamejikunja kama ngumi, na samaki mmoja amelala ubavu, anatweta. Akachovya kipimo cha chumvi. Sindano ilikuwa kwenye alama nyekundu.

Kule Uvira, askari walipouliza nani aliyewapa waasi chakula, kaka yake Bisimwa alisema kweli, kwamba ni yeye. Wakamchukua. Solange alisikia yote akiwa amejibanza darini, juu ya plafo. Tangu siku hiyo, kosa likitokea, jibu lake lilikuwa moja: sijui.

Aliitazama simu. Aseme amekuta hivyo? Afiche chumvi? Na akifukuzwa, Bénie atakula nini? Samaki akageuka tumbo juu, akajipindua tena kwa shida. Solange akampigia Nsabimana.

"Patron, ni mi. Samaki banakufa. Mi njo nilikosa. Nilikuwa naongeza maji ya chumvi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoenda. Kila asubuhi."

Nsabimana akafoka kwa Kirundi. Nusura Solange akate simu.

"Mama Bénie! Uko hapo? Chota jagi moja, mwaga. Tia jagi la yale maji ya dukani, yasiyo na chumvi. Ngoja kidogo, rudia. Usikimbize. Chumvi ikishuka ghafla, utabamaliza bote."

Alishinda akichota na kutia. Jioni samaki mmoja alikuwa amekufa. Wa pili alihema polepole, na sindano ilikuwa imeiacha nyekundu.

Nsabimana aliporudi alimkuta kwenye ngazi ya jikoni, furushi limefungwa.

"Unaenda wapi?"

"Dzaleka, Patron."

"Na maji, nani atachota? Mi mwenyewe niliua samaki batatu mwezi nilipoanza. Fungua furushi."

Solange alibaki. Baadhi ya matumbawe yalifunguka baada ya majuma kadhaa, mengine yakafa, yakawa meupe moja kwa moja. Alijifunza kusoma kipimo kabla hata ya kuwasha jiko. Lakini kila alipoitwa kutoka sebuleni, lile neno "sijui" lilimjia mdomoni kabla hajaitika.