Mfereji Uliopita Jikoni

Mie nimezaliwa Temeke, kwenye mchanga. Kwetu mvua inanyesha, ardhi inainywa, na baada ya muda si mrefu unatandika mkeka uani kama kawaida. Kwa hiyo nilipoolewa na kupelekwa kukaa kwenye vilima vya nyuma ya Segerea, njia ya kwendea Pugu, masika ya kwanza niliyoyakuta kule yalinichosha roho, na ya pili yakanichosha zaidi, kwa sababu safari hiyo nilikuwa nayajua.

Haikupangwa tukae kule. Mume wangu alikuwa karani wa stoo bandarini, enzi hizo za Mwingereza, na wakati wa posa alisema tutapanga chumba Ilala. Mamaake akafariki kabla hatujamaliza mwezi wa ndoa. Baba yake akabaki peke yake kule kilimani, na mume wangu akaniomba nikamwangalie mzee miezi michache tu, mpaka azoee. Yeye mwenyewe angeendelea kulala Ilala na wenzake, awe anakuja Jumamosi. Miezi michache hiyo ilikula masika manne.

Baba mkwe alikuwa mtu wa Upare. Alishuka pwani kufanya kazi ya reli akiwa kijana, na alipoacha kazi hakurudi kwao. Alitafuta mahali penye mteremko karibu na mji, akanunua shamba kwa Wazaramo, akajenga. Pale pahali alipaita mlimani. Mume wangu, aliyewahi kupelekwa Upare akiwa mdogo, alikuwa akicheka akisema kile ni kichuguu. Lakini mume wangu hakuwa akipanda na ndoo kichwani. Mie niliyepanda nayo asubuhi na jioni, nikiteleza kwenye udongo mwekundu unaong'ang'ania nyayo kama gundi, niliona ni mlima kabisa.

Masika yakianza, kila kitu cha nyumba ile kilikuwa kinadai mkono wangu. Kuni zilikuwa zimelowa, moto hauwaki ila unafuka. Nguo zilikaa kwenye kamba siku tatu na zikaanuliwa zikinuka. Jongoo waliingia ndani kwa safu, wanapanda ukuta, wanajikunja kwenye mito ya kulalia. Siku nyingine ni siafu, tunahama nyumba nzima mpaka wapite. Palizi haikungoja mtu: unapalilia mahindi, ukifika mwisho wa shamba, ulipoanzia majani yamerudi. Na katikati ya yote hayo baba mkwe alikuwa na furaha. Aliamka alfajiri, akaswali, akatoka nje bila viatu, akachota udongo akaufinya, akaniambia kuwa mwaka huu umeshika vizuri. Nilimwamkia shikamoo nikaenda kupuliza moto wangu.

Sitaki kumsema vibaya. Alikuwa mpole, hakuwahi kunipandishia sauti, na chakula changu alikisifu hata siku kilipoungua. Tatizo lake lilikuwa mfereji.

Kwao, alinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka, kila ukoo una mfereji wake. Maji yanaletwa kutoka juu milimani, yanazungushwa shamba hadi shamba kwa zamu, na mtu asiyejua kuongoza maji haozwi. Vizuri. Lakini kule kwao, kwa maelezo yake mwenyewe, mvua ni ya kubahatisha. Huku pwani wakati wa masika maji yalikuwa yanamwagika kutoka mbinguni, yanachuruzika kwenye paa la madebe, yanatiririka njiani, yanajaa bondeni kwenye mpunga. Hapakuwa na kitu chochote kule kilimani kilichokosa maji. Baba mkwe akachimba mfereji hivyohivyo.

Aliuanzia juu, penye mawe ambapo maji hutoka ardhini wakati wa mvua, akaupitisha kwenye migomba, akaushusha hadi kwenye matuta ya nyanya. Kazi ya majuma mawili, peke yake, kwa jembe na kamba ya kupimia. Ulikuwa mfereji mzuri, nakiri. Umenyooka, kingo zimepigwapigwa zikawa ngumu. Ila kati ya migomba na nyanya palikuwa na banda langu la jiko, na mfereji ulipita nyuma yake, shubiri moja kutoka ukutani.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa fito na udongo. Siku ya tatu nikaona umebadilika rangi kwa chini. Siku ya tano figa moja limezama, chungu kinakaa upande. Nikahamisha unga, nikahamisha chumvi, nikamwendea kwa adabu nikamwambia, "Baba, ukuta wa jiko unalowa."

Alikuja akautazama, akaugusa kwa kiganja, akatafakari. "Utakauka, mwanangu," akasema. "Maji yakishaizoea njia hayasumbui tena."

Nikangoja Jumamosi. Mume wangu alipofika nikamweleza yote, nikamwonyesha na figa lilivyozama. Akasema ntamwambia. Akala, akalala, akaamka akazungumza na baba yake kuhusu mambo ya gatini, kule bandarini, akala tena, na Jumapili alasiri akashuka na mkungu wa ndizi begani kwenda kungoja basi barabara ya Pugu. Nikamuuliza kama amemwambia. Akasema hakupata nafasi nzuri. Jumamosi iliyofuata pia hakuipata, na ile iliyofuata akasema mzee alionekana amechoka. Nilishindwa kuelewa nafasi nzuri ni ya namna gani, maana walikuwa wawili tu barazani wamekaa kutwa, na mfereji wenyewe unasikika kutoka walipokaa.

Mie kumsemesha mkwe mara ya pili niliona haya. Nilivyolelewa, mkwe unamwambia jambo mara moja, tena kwa upole, na asipolichukua unanyamaza. Nikanyamaza. Nikatengeneza tuta la majivu na changarawe chini ya ukuta kwa ndani, nikawa napika huku nalitazama.

Kisha ikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, yapata saa tano asubuhi, nilikuwa nimechemsha maharage tangu alfajiri kwa zile kuni za moshi, yamebakia kidogo tu kuiva. Nikasikia kitu kama mtu anavuta pumzi. Ukuta wa nyuma ukainama, taratibu kabisa, kama mzee anayeketi, ukaja mzimamzima juu ya mafiga. Nilirukia mlangoni. Nilipogeuka, chungu kimevunjika, maharage yamesambaa kwenye tope, na mfereji unapita katikati ya jiko langu, umebeba mwiko.

Baba mkwe alikuja mbio. Alinitazama kwanza, akaona niko mzima, akashukuru Mungu. Halafu akaruka tope akaenda kwenye ukingo wa mfereji, akachutama, akaukagua. Alipogeuka uso wake ulikuwa na kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka damu inachemka. Ulikuwa na fahari.

"Umeziona nguvu zake?" akaniuliza.

Nilikwenda nikachukua jembe lake pale lilipoegeshwa, nikapanda hadi kwenye migomba. Akanifuata, amejifunika jani la mgomba kichwani. Mvua ilikuwa inanipiga usoni, khanga imenigandama, na adabu yote ya Temeke ilikuwa imeondoka na maharage. Nikasimama mbele yake nikamwambia:

"Baba, nisamehe. Leo naufunga huu mfereji."

Hakunizuia. Nikaanza kuchimba upande, ili maji yageuke yaende bondeni kwa nyuma, mbali na nyumba. Nilichimba kwa hasira, udongo unaruka huku na huku. Naye amesimama tu na jani lake.

"Hapo hapana mteremko," akasema baada ya muda.

Nikaendelea. Sikutaka kufundishwa. Nikachimba mpaka mikono ikawaka, nikavunja ukingo, maji yakaingia kwenye njia yangu mpya, yakaenda hatua nne, yakasimama. Yakajaa pale. Kisha yakaanza kurudi, polepole, kuelekea kwenye nyumba tunayolala.

Nilimtazama. Hakucheka; angecheka nadhani ningelitupa lile jembe bondeni. Alitembea hatua chache juu ya pale niliposimama, akapima kwa macho, akachora mstari kwenye tope kwa kidole gumba cha mguu.

"Anzia hapa," akasema. "Usichimbe sana. Yenyewe yatajichimbia."

Niliudhika kupita kiasi, kwa sababu nilijua amesema kweli. Nikaanzia pale alipochora. Sikumpa jembe, na yeye hakuliomba. Haukupita muda maji yakageuka yakashuka bondeni, mekundu, yana kelele, na ule mfereji wa jikoni ukabaki na tope tupu. Tulirudi nyumbani. Mchana ule tulikula mihogo ya kuchemsha niliyoipikia barazani juu ya matofali mawili na jiwe.

Mume wangu alikuja Jumamosi kama kawaida yake, suruali ya kazini imepigwa pasi, akasimama kulitazama jiko lisilo na ukuta. Akauliza kulikoni. Baba yake akamwambia tumeupindisha mfereji. Akaenda kuangalia, akarudi akitikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema mzee ana akili ya maji, mtu hawezi kuamini.

Nilikuwa nimeshika sahani yake. Nikaiweka chini.

"Majuma matatu unaniambia utamwambia," nikasema. "Basi mwambie sasa, nami nipo nasikia."

Akashikwa na kigugumizi. Akaanza kusema unajua baba, sie tulikuwa tunafikiria, yaani si kwamba. Baba mkwe alimwacha ahangaike kidogo na maneno yake, kisha akamkata.

"Mkeo ameshaniambia," akasema. "Wewe kakate fito."

Jumapili nzima mume wangu alikata fito na kuzibeba kutoka bondeni, amekunja suruali magotini, na pasi yote ile imekwisha. Sikumhurumia hata kidogo. Nilimpelekea maji ya kunywa mara moja, nikaondoka.

Jiko jipya tulilijenga juu zaidi, upande ambao mfereji hauwezi kuufikia. Lilikuwa imara. Lakini hakuna aliyefikiria upepo, kwa hiyo moshi wote uliingia chumbani kwangu, na nguo zangu ambazo zamani zilinuka mvua sasa zikanuka mvua na moshi. Nilipolisema hilo, baba mkwe alikubali kuwa ni kweli, akasema tutaona vuli.

Kuta tulizikandika sisi wawili, siku ya kazi, mume wangu ameshashuka mjini. Mie nikikanyaga udongo, yeye akiubandika kwenye fito na kuulainisha kwa mkono. Katikati ya kazi akasema, bila kunitazama, kwamba marehemu mkewe naye alimwambia maneno hayohayo kuhusu mifereji aliyokuwa akiichimba zamani, miaka mingi, na hakumsikia.

"Alikuwa hachukui jembe," akasema. "Alikuwa analia tu."

Nilimwonea huruma yule mama ambaye sikupata kuishi naye, nikamwonea huruma na yeye, na papohapo nikakasirika upya kwa ajili yetu sisi wanawake wawili. Mikono yake ilikuwa imesimama, inangoja. Nikamwambia aniletee udongo mwingine mkavu, huu umelowa mno, hautashika.