Nani Alimchotea Maji Mama Somoe

Kabla hujaniambia kwamba ilikuwa malaria, nikwambie kabisa: nilipimwa. Nilipimwa mara mbili, sina. Kifafa ukoo wetu hatuna, na bangi sijawahi hata kuishika. Haya, sasa tunaweza kuongea. Wenzangu wanaleta visa vya usiku wa manane. Changu kilinipata Newala saa nane mchana, jua linawaka na majirani wanasikiliza redio. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele mimi mwenyewe sicheki.

Mimi ni mtoto wa Masasi, nimekulia Mkomaindo. Baba Mmakua, mama Mmakonde, na kwa sababu hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili tu. Kimakonde zaidi ya salamu sikijui. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yakanitupa, na mama akanipandisha gari niende Newala kwa bibi, mama yake mzazi, nikamsaidie msimu wa korosho. Nilikuwa na miaka kumi na nane na mdomo mrefu. Pale nikamkuta Rehema, binti wa mama mdogo, miaka kumi na sita, shule zimefunga, hana la kufanya. Sisi wawili tukikaa pamoja, hata mbuzi wa mtaa walikuwa hawana amani.

Sasa, Newala maji ndiyo habari ya mjini. Bibi alikuwa na kisima cha uani, kile cha kuchimba na kusakafia kwa saruji, mvua ikinyesha maji yanashuka kutoka kwenye bati yanaingia humo. Mvua ikikata mwezi wa tano, hayo ndiyo maji yenu mpaka inyeshe tena mwishoni mwa mwaka. Bomba linatoka linapojisikia. Bibi alikuwa anapima kisima kwa fito kila Ijumaa, na mwezi wa tisa ule fito ikaanza kutoka kavu kuliko inavyotakiwa.

"Kuna mtu anatuchotea," bibi akasema. "Yakiisha haya, tutakunywa nini mpaka Desemba?"

Akanunua kufuli, akafunga mfuniko. Ufunguo akanipa mimi, kwa sababu Rehema anapoteza kila kitu. Wiki ikapita, Ijumaa ikafika, fito ikatoka kavu zaidi.

Macho yetu yakageukia nyumba ya pili, kwa Mama Somoe. Na usituone wabaya, hebu pima mwenyewe. Mwanamke mzee, mguu mmoja mbovu, anatembelea fimbo, haishi na mtu. Nyumba yake ya nyasi, kwa hiyo maji ya mvua hakingi. Bombani hajawahi kuonekana kwenye foleni. Lakini mtungi wake umejaa siku zote, mchicha wake umekolea wakati wa kwetu umebaki vijiti, na nguo anafua anavyotaka. Niambie wewe, maji anatoa wapi?

Rehema alikuwa na jibu tayari: ndondocha. Kusini hukui bila kulisikia neno hilo. Ni mtu aliyechukuliwa kichawi, nyinyi mkazika mnachodhani ni mwili wake, kumbe yeye yuko kwa mchawi anatumikishwa, halalamiki wala haonekani. Mwenye ndondocha habebi ndoo. "Na anapita kwenye kufuli?" nikamuuliza. Rehema akanitazama kana kwamba nimeuliza kama samaki wanaogelea.

Kilichonikera mimi zaidi ni jinsi Mama Somoe alivyokuwa ananitazama. Tukipita tunaamkia, "Shikamoo bibi," anaitikia "Marahaba wajukuu zangu," halafu tabasamu lote ananipa mimi, Rehema hapati hata chembe. Siku moja akaniambia, "Ahsante ya jana." Ya jana ipi? Jana sikuwa hata nimemwona. Nilicheka mbele yake, nikaharakisha kurudi nyumbani.

Basi tukaanza kumpeleleza. Nyuma ya choo chetu kulikuwa na ua wa mianzi, na mwanzi mmoja ulikuwa umevunjika, unaona uani kwake vizuri kabisa. Rehema alichukua zamu ya asubuhi. Mimi nilichukua ya mchana, bibi akishalala. Rehema alileta habari kila siku: anachambua mbaazi, anaongea peke yake, anakula. Mimi sikuwa na la kuleta. Nilikuwa nakaa pale, joto linanipiga, mara najikuta ni saa tisa na nusu na shingo inaniuma. Kanga yangu mabegani imelowa. Nilijua ni jasho, ungejua nini kingine?

Siku ya sita nikapata akili. Nikachomeka simu yangu kwenye ule mwanya, nikaiwasha irekodi, mimi nikakaa pembeni yake. Zamu ikaisha kama kawaida, sikuona kitu. Nikampa Rehema simu, nikaenda kuanika korosho.

Alikuja kuniita. Alikuwa ameishika simu kwa ncha za vidole. "Dada," akaniambia, "hebu njoo uangalie, halafu uniambie mlikuwa mnanichezea."

Video inaonyesha ua wa Mama Somoe, yeye peke yake amekaa kwenye kigoda. Dakika ya ishirini hivi, mtu anaingia na ndoo kichwani, bila hata kuishikilia. Mimi ndoo bila mikono sijawahi kuiweza, nakwambia ukweli wa Mungu. Anapiga goti, anaishusha, anamimina mtungini, anajifuta uso kwa kanga. Kanga yangu. Halafu anageuka na uso ni wangu.

Nikasema siyo mimi. Nikasema ni mtu tunafanana. Rehema hakubishana, akaongeza sauti tu, tukamsikia yule msichana anaongea Kimakonde, haraka haraka, kama mtu aliyezaliwa nacho, na Mama Somoe anacheka mpaka anashika ubavu.

"Anasema nini?" nikamuuliza Rehema.

"Unasema," akanirekebisha. "Unamwita mama. Unamwambia umechelewa kwa sababu mlima ni mkali."

Mlima gani, wakati kisima kiko hatua thelathini?

Hapo bibi akawa ameamka, kaja kuuliza tunalilia nini. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo simu hakuitazama. Alisikiliza tu. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga, mtu mzima na heshima zake. Akasema, "Hiyo sauti ya Somoe."

Unaona, sisi tulikuwa tunamwita Mama Somoe kila siku na hatukuwahi kujiuliza huyo Somoe yuko wapi. Bibi ndiye akatueleza. Somoe alikuwa binti wa pekee wa huyo jirani, rika la mama yangu. Zamani wanawake wa Newala walikuwa wanatelemka bondeni chini kabisa kutafuta maji, asubuhi kushuka, mchana kupanda. Siku moja Somoe alipanda na ndoo ya mama yake kichwani, akateleza mteremkoni. Waliipata ndoo kabla ya kumpata yeye.

Bibi alinishika mkono tukaenda kwa Mama Somoe, hodi hakupiga. Nilidhani watapigana. "Unamtumia mjukuu wangu!" bibi akafoka. "Mchawi mkubwa wewe, unamtumikisha mtoto wa watu kama punda!"

Mama Somoe hakusimama. Alisema taratibu, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie: "Mimi sikumwita. Nilikuwa nimekaa hapa, akaingia na ndoo, akasema mama nimechelewa. Ungekuwa wewe, ungemfukuza?"

Bibi akanishika mkono tena. Akaanza kunivuta tuondoke. Ndipo Mama Somoe akanigeukia mimi, akanishika upindo wa kanga. "Najua watakupeleka ukatolewe," akaniambia. "Wakupeleke, ni haki yako. Ila nakuomba siku moja tu, mwanangu. Kesho. Aje mara moja nimuage. Ile ya kwanza sikumuaga, nilimtuma maji tu."

Nilisema hapana. Niliinasua kanga yangu na nikasema hapana, mara mbili. Nilikuwa naogopa, sawa, nani asingeogopa? Na nilimshuku. Mpaka leo namshuku. Mchawi anayejua kazi yake angesema maneno hayo hayo, na machozi angetoa hayo hayo. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sijui yupi alikuwa anashika kanga yangu, mama wa marehemu au fundi mkubwa wa uongo.

Kesho yake bibi alinipeleka kwa shehe. Nilisomewa, nikanywa kombe siku saba, zile aya zilizoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji. Nikaacha kusinzia mchana, shingo ikapona. Fito ya kisima ikatulia. Kila mtu akasema alhamdulillahi.

Nyumba ya pili mtungi ukakauka. Tulijua. Mchicha tuliuona ukilala chini. Nilikuwa na ufunguo kiunoni, na hatua ni thelathini, na ndoo hata moja sikumpelekea. Nilijiambia nikienda itanirudia. Rehema alitaka kwenda, mimi ndiye nikamkataza.

Haikupita mwezi, mtoto wa kaka yake akaja kutoka Tandahimba kumchukua. Mtaa ulitoka kuagana naye, hata bibi alitoka. Walipomkalisha kwenye bajaji na fimbo yake, nikasogea nikasema shikamoo, kwa aibu tu, watu wasiseme. Hakuitikia. Alinitazama ndani ya macho, akasema maneno machache kwa Kimakonde. Bajaji ikaondoka.

Rehema akanigeukia anitafsirie, na mimi nikamwambia asihangaike. Nilikuwa nimeelewa kila neno. Alisema, "Usimkasirikie huyu, Somoe. Bado mtoto."

Sasa nipo Masasi, nimeolewa, nina maisha yangu. Shehe alisema kimetoka chote, na mimi simbishii shehe. Mama Somoe tulisikia amefariki huko huko Tandahimba. Lakini mchana silali, hata niwe mgonjwa, na mume wangu anajua kwamba ikifika saa nane lazima mtu akae na mimi. Siku moja alitoka kidogo tu kununua vocha. Aliporudi alinikuta nimesimama mlangoni na ndoo imejaa, nalia, namuuliza njia ya kwenda kwa mama. Hakunicheka. Alinipokea ndoo.

Kwa hiyo wewe, kama una jirani mzee na unamshuku, na umeshaona mahali pa kumchungulia, nakuomba toka hapo uani. Zunguka mbele, piga hodi, umuulize kama ana maji ya kunywa. Mimi miguu yangu ilikwenda kwake kila siku, na kwa akili zangu sikwenda hata mara moja.