Shina la Mgomba Ambalo Halikuzikwa

Mwanangu, upumbavu wangu mkubwa niliufanya nimeketi, maana hata kusimama nilikuwa mvivu. Nakumbuka vita vilikuwa vimekwisha, Kampala inapumua, na huku Makindye watu wakajaa uani kwa jirani yangu Mama Nekesa ili wasikie nilichoona. Mumewe, fundi wa majiko ya bati kule Katwe, alikuwa amekamatwa na askari mbele ya geti langu, majuma machache kabla ya serikali kuanguka.

Nilichoona ni chaga za kitanda changu, kwa upande wa chini. Nilichosikia ni fundi akilia, akiniita kwa jina, kisha risasi, kisha gari likiondoka.

Sasa ningesema hayo mbele za watu, mimi msomi wa sekondari? Nikasema fundi aliwatwanga askari ngumi, akaruka ua, akapotelea msituni. Wakapiga makofi. "Ssebo, bwana wangu, hiyo ndiyo hadithi!" mmoja akaniambia, nikaongezewa chai.

Hadithi ikakua kunishinda. Walimu wakaifanya mchezo wa shule, na mtaa mzima ukaamini kwamba kwetu hakuna aliyelia. Wengine walipokwenda kutafuta mifupa ya ndugu zao, fundi hakutafutwa na mtu. Kwao Mama Nekesa, Bungoma, asiyepatikana huzikiwa shina la mgomba badala ya mwili wake, matanga yaishe. Mama akakataa. Atamzikaje mtu aliyetoroka? Kila jioni akasimama mlangoni, anatazama njia.

Juzi nikasema ukweli, mbele yake na mbele ya vijana. Vijana wakacheka. "Mzee, umezeeka vibaya. Usituharibie historia yetu."

Mwanangu, nchi hujijua kwa jinsi inavyosimuliwa, na yetu tumeisimulia sisi tuliokuwa chini ya vitanda. Ukiandika, usikifute kilio. Ukisimuliwa, uliza kwanza msimulizi alikuwa wapi. Sina hakika kama itasaidia. Waliojua wengi wamekufa, na mimi nawafuata kwa uvivu wangu uleule. Mungu akupe ulimi mzito kuliko wangu, na akujalie jirani ambaye hutamwonea haya.

Mimi wangu ninaona haya hata kumsalimu. Siku ile vijana walipoondoka, Mama Nekesa hakulia. Aliniangalia tu, akasema:

"Wewe jirani, chini ya kitanda ulikaa siku moja tu. Mimi umenisimamisha mlangoni mpaka meno yameisha."